Kutoka Munich hadi Bled, Slovenia, kwa gari: tunayodanganyana kuhusu mpaka

"Ulaya haina mipaka siku hizi, pasi ya nini?"

Maneno haya niliyasema kwa kinywa changu, na aliyeumia ni shangazi yangu. Alikuja kutoka Tanga kunitembelea Munich, viza yake ya Schengen haina doa. Jumapili moja tukaamua kwenda Salzburg, Austria, mwendo wa kilomita 150 hivi, turudi jioni. Shangazi, kama watu wazima wengi, aliona pasi ni kitu cha kufungiwa kabatini kisipotee. Nami nikamwambia aiache huko huko, hakuna atakayeiuliza.

Wakati wa kwenda kweli hatukuulizwa. Wakati wa kurudi, pale mpakani Walserberg, njia zilibanwa ikabaki moja, magari yakawa yanatambaa, na askari aliyesimama chini ya taa akatuashiria tuingie pembeni. Nikamwonyesha picha ya pasi kwenye simu. Akatikisa kichwa. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, shangazi amejifunika kanga mbili juu ya koti, mpaka mdogo wangu alipoileta kutoka Munich. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, si ulisema hakuna mpaka?"

Mkataba uliotiwa saini mwaka 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, uliondoa ukaguzi wa kila siku kati ya nchi, na kwa nchi za mwanzo ulikoma rasmi mwaka 1995. Haukuondoa mipaka yenyewe, wala wajibu wa mgeni kuwa na pasi yake mkononi. Leo nchi 29 za Ulaya zimo katika eneo hilo la Schengen, na kila moja ina ruhusa ya kurudisha ukaguzi kwa muda ikiona haja. Ujerumani imekuwa ikikagua mpaka wake na Austria tangu Septemba 2015, na tangu Septemba 2024 inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu. Austria nayo hukagua wanaotoka Slovenia. Basi mgeni abebe pasi yenye viza, na sisi tunaoishi hapa tubebe pasi pamoja na kadi ya kibali cha ukaazi. Kadi peke yake haitoshi. Nakala na picha hazihesabiwi.

Kuna ndugu zetu ambao kwao jambo hili ni zito kuliko kuchelewa barabarani. Mwenye karatasi ya Duldung, ile ya kusitishiwa kurudishwa kwao, asivuke kabisa: kwa sheria ya Ujerumani karatasi hiyo inakufa pale anapotoka nchini. Ukimwalika mtu kwenye gari lako, muulize hali yake mapema, kwa faragha, kabla hajaona haya mbele ya wengine.

"Viza ya kuingia mara moja ukivuka nayo imekwisha"

Si kweli. Ujerumani, Austria na Slovenia zote zimo ndani ya Schengen, na kupita kutoka moja kwenda nyingine si kutoka. Ukiendelea mpaka Croatia bado umo, maana iliingia Januari 2023. Ukigusa Bosnia au Serbia hapo umetoka, na viza ya mara moja haikurudishi. Wengine husema kinyume chake, kwamba siku moja ya Austria inaanzisha upya zile siku 90 za mgeni. Hizo zinahesabiwa kwa eneo zima, ndani ya kila siku 180, hata ulale nchi tofauti kila usiku.

"Barabara za Ulaya ni bure"

Anayesema hivi anaishi Ujerumani, ambako gari dogo halilipi kitu kwenye Autobahn, zile barabara kuu za kasi. Ukivuka, hesabu inabadilika, na njia ya Munich hadi Bled inakufundisha vizuri kuliko nyingine yoyote.

Austria inataka vinjeti, yaani kibali cha kulipia barabara kwa muda fulani, kwa barabara zake kuu. Zamani ilikuwa stika tu ya kubandika kwenye kioo. Siku hizi unaweza kuinunua mtandaoni ikaungwa na namba ya gari, na tangu 2024 ipo ya siku moja. Kipande kifupi cha kutoka mpakani Walserberg hadi Salzburg Nord kimesamehewa tangu Desemba 2019, kwa hiyo anayeishia Salzburg anaweza kufika bila vinjeti akitoka pale pale. Akipitiliza kidogo tu kuelekea kusini kwenye barabara kuu ya A10, kamera zinasoma namba yake. Kisha, hata ukiwa na vinjeti, mahandaki ya Tauern na Katschberg yana malipo yake ya pamoja, na handaki la Karawanken, karibu kilomita 8 chini ya mlima, lina malipo yake tena. Ukitokeza upande wa pili uko Slovenia, ambako vinjeti ni ya kielektroniki tu, na fupi kabisa kwa gari dogo ni ya wiki. Lipia kabla ya kuingia handakini.

Nunua kwenye tovuti rasmi, ASFINAG kwa Austria na DARS kwa Slovenia. Kuna wachuuzi wengi mtandaoni wanaouza ile ile kwa kuongeza chao. Na uandike namba ya gari polepole. Mimi niliandika sifuri mahali pa herufi O, nikagundua nikiwa kituo cha mafuta, risiti mkono mmoja na jicho kwenye kibao cha namba. Kwa kamera, namba iliyokosewa ni gari lisilolipa.

"Nina leseni ya kimataifa, niko salama"

Hapa ndipo ninapowaomba ndugu zangu wanisikilize. Kile kijitabu si leseni. Ni tafsiri ya leseni yako ya nyumbani, na bila ile ya nyumbani hakina nguvu. Mgeni wa matembezi anaweza kuendesha kwa leseni yake ikiwa na tafsiri. Lakini ukishahamia Ujerumani, leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakubalika miezi 6 tu. Baada ya hapo lazima ufanye mtihani wa nadharia na wa barabarani, na kijitabu kipya kutoka nyumbani hakikuongezei hata siku moja. Anayeendesha baada ya muda huo anatenda kosa la jinai, na akigonga, kampuni ya bima inaweza kumgeukia imdai. Mtihani wa nadharia unaweza kuufanya kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiarabu. Kiswahili bado hakimo.

"Gari la kukodi ni langu mpaka nirudishe"

Mkataba ndio unaosema gari liende wapi. Kampuni nyingi zinataka utaje nchi mapema, na nyingine zinatoza ada ya kuvuka. Ukienda bila kutaja, bima inaweza kukuacha mkono. La kuazima kwa rafiki? Chukua kadi halisi ya usajili wa gari na barua fupi yenye saini yake.

"Bima yangu ya afya ni ya Ujerumani tu"

Geuza kadi yako ya bima ya umma. Nyuma yake kwa kawaida ndiyo kadi ya Ulaya ya bima ya afya, na Austria na Slovenia inapokelewa kwa matibabu yasiyoweza kusubiri. Ila kwa sisi wenye pasi za nje ya Umoja wa Ulaya, Uswisi hawaipokei. Huko kata bima ya safari. Mgeni wa viza ana ile aliyokatia ubalozini. Aibebe.

"Kuendesha ni kuendesha"

Tuliojifunzia kushoto, Kenya, Tanzania, Uganda, tunaogopa Autobahn, kumbe huko umati unakubeba. Mkono unasahau asubuhi, ukitoka kituo cha mafuta, barabara tupu, unakata na kujikuta kushoto. Kwenye mzunguko, ingia kwa kulia. Anayetoka Kongo, Rwanda au Burundi hana shida hii.

Foleni ikianza kwenye Autobahn, Ujerumani au Austria, usingoje isimame. Aliye njia ya kushoto kabisa asogee kushoto, wengine wote kulia, ili katikati ibaki nafasi ya gari la wagonjwa. Na fulana ya kung'aa iweke karibu na kiti. Ikiwa buti chini ya mabegi, utaifuata ukiwa umeshasimama gizani, malori yakipita ubavuni mwako.

Safari ya Bled shangazi alikuja nami. Tulipotoka Karawanken kurudi Austria, askari hata hajafika dirishani, yeye alikuwa ameshafungua fundo la pindo la kanga.