Utovu wa nidhamu ni nini, na nini si utovu wa nidhamu

Wiki iliyopita nilikuwa kwa kinyozi, redio iko kwenye kipindi cha michezo cha asubuhi. Mchambuzi alikuwa akiwausia vijana wanaochipukia kwenye soka. Akamtaja Marcus Rashford, aliyechelewa kikao cha timu alipokuwa Manchester United. Akamtaja mchezaji mmoja wa hapa nyumbani aliyeonekana kwenye ukumbi wa starehe usiku wa siku ya mapumziko. Kisha, kwa sauti ileile, akamtaja Robinho, mshambuliaji wa zamani wa Brazil. Wote watatu, alisema, ni mifano ya utovu wa nidhamu. Kinyozi akaitikia, "Kweli kabisa, kaka." Niliondoka pale nimenyolewa vizuri lakini neno lile limenikaa kooni mpaka leo.

Tuanze na maana yenyewe, ambayo haina ugumu. Utovu wa nidhamu ni hali ya mtu aliye ndani ya chombo fulani, awe askari, mwanafunzi, mfanyakazi au mchezaji, kutofuata taratibu za chombo hicho alizokubali kuzifuata alipoingia. Basi. Shida iko kwenye namna tunavyolitumia, na ili nieleze kwa nini inanikera, lazima nirudi kwenye asili ya neno.

Nidhamu limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa nun, dha na mim. Maana yake ya kale ni kupanga lulu kwenye uzi, moja baada ya nyingine, kila moja mahali pake. Waarabu wakalichukua neno hilohilo wakalitumia kwa shairi pia, kwa sababu shairi nalo ni maneno yaliyopangwa kwenye uzi wa mizani na vina. Mswahili hahitaji kuelezwa sana hapo, maana lugha yake ilishafika huko kwa njia yake yenyewe. Sisi tunatunga shanga, tunatunga samaki kwenye ujiti, na tunatunga shairi. Kitenzi ni kimoja. Washairi wa mwambao walipolipokea neno la wageni hawakushangaa, wakasema kunadhimu kwa maana ya kutunga mashairi, na kamusi zetu bado zinalo.

Kwenye mzizi huo ndiko alikotoka pia mnadhimu. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lina Mnadhimu Mkuu, na Bungeni Dodoma yuko Mnadhimu wa Serikali, yule anayehakikisha wabunge wa upande wake wapo, wanajua ratiba, na wanapiga kura inavyotakiwa. Kenya wao humwita kiranja, neno zuri pia, ila linanikumbusha zaidi fimbo ya shuleni. Mnadhimu hapigi mtu. Kazi yake ni kuona kila ushanga umekaa mahali pake na uzi haujakatika.

Sasa picha hiyo ya uzi ndiyo ninayotaka msomaji aishike. Nidhamu haielei hewani. Kila nidhamu ina uzi wake: kuna nidhamu ya kambi, nidhamu ya darasa, nidhamu ya kazi, nidhamu ya matumizi ya fedha. Ukisema mchezaji amefanya utovu wa nidhamu, msikilizaji ana haki ya kuuliza: nidhamu ya nani? Taratibu ipi? Kama huna jibu, maana yake umemtukana mtu bila kusema amefanya nini.

Na utovu nao una uzito wake. Tunasema mtovu wa adabu, mtovu wa fadhila. Hatumwiti mtovu wa fadhila mtu aliyesahau kushukuru mara moja. Utovu ni ukosefu uliokaa, hali ya kupungukiwa na kitu ambacho mtu alitakiwa awe nacho. Tukio moja ni kosa la nidhamu. Mazoea ndiyo utovu. Tofauti hii ni ndogo kwa macho ila kubwa kwa jina la mtu.

Mchukue huyo Rashford. Tarehe 31 Desemba 2022 alipitiwa na usingizi, akachelewa kikao. Kocha Erik ten Hag akamweka benchi kwenye mechi ya siku hiyo dhidi ya Wolverhampton. Kipindi cha pili akaingia, akafunga bao pekee la mchezo, Manchester United wakashinda 1-0. Taratibu ilikuwepo, ilivunjwa, adhabu ikatoka, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Hilo ni kosa la nidhamu safi kabisa, na limeshughulikiwa inavyopasa. Mlinganishe na Pierre-Emerick Aubameyang wa Arsenal mwaka mmoja kabla yake. Desemba 2021 klabu ilimvua unahodha baada ya kuchelewa kurudi kutoka safari aliyoruhusiwa, na taarifa yao ilieleza kwamba lile lilikuwa kosa la karibuni tu, yaani yapo yaliyolitangulia. Unaweza kuona Arsenal walimwonea, unaweza kuona walichelewa kumchukulia hatua. Lakini angalau neno utovu lilikuwa na mahali pa kusimama, kwa sababu aliyelitaja alikuwa akidai kuna mazoea.

Mfano mzito kuliko yote ninaoujua ni wa Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini. Nicolas Anelka alimtolea kocha Raymond Domenech maneno makali chumbani, wakati wa mapumziko ya mechi dhidi ya Mexico kule Polokwane. Siku mbili baadaye gazeti la L'Équipe likayachapa matusi hayo ukurasa wa mbele, na siku hiyohiyo shirikisho likamfukuza Anelka kambini. Kesho yake, huko Knysna, timu nzima ikagoma kufanya mazoezi, na Domenech mwenyewe akasimama mbele ya waandishi kuwasomea tamko la wachezaji wake. Baadaye shirikisho lilimfungia Anelka mechi 18, nahodha Patrice Evra mechi 5. Pale uzi ulikatika wote, shanga zikatawanyika sakafuni mbele ya dunia. Lakini angalia Evra alilalamikia nini siku zile: alimlalamikia msaliti aliyetoa maneno ya chumbani kuyapeleka gazetini. Naye alikuwa akizungumzia nidhamu, ile ya chumba cha kubadilishia nguo, kwamba yanayosemwa humo hubaki humo. Nyuzi zilikuwa mbili, na magazeti mengi yaliandika kana kwamba ni mmoja.

Nimesema neno linakera linapotumiwa vibaya, na linatumiwa vibaya kwa njia mbili zinazopingana. Hulemea mtu asiye na kosa, na humpunguzia uzito aliye na kosa kubwa.

Nianze na kulemea. Kila msimu husoma taarifa kwa umma ya klabu fulani: mchezaji fulani amesimamishwa kwa muda usiojulikana kwa utovu wa nidhamu. Mistari mitatu, nembo, muhuri. Mwandishi anainakili kama ilivyo, kichwa cha habari kinapanda mtandaoni, mashabiki wanaanza kumtukana kijana wa watu. Hakuna aliyeuliza amefanya nini. Siku nyingine ukija kuchimba unakuta mchezaji hakuja mazoezini kwa sababu hajalipwa. Hilo lina jina lake, linaitwa mgogoro wa mkataba, na lina sheria yake. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, tangu 2018, zina kifungu cha 14bis kinachosema wazi kwamba klabu isiyomlipa mchezaji mishahara ya angalau miezi miwili inampa sababu halali ya kuvunja mkataba, mradi aidai kwa maandishi na kuipa siku 15 za kulipa. Kwa mujibu wa kanuni, aliyekosa hapo ni mwajiri. Kwa mujibu wa kichwa cha habari, aliyekosa ni mchezaji.

Sakata la Feisal Salum, maarufu Fei Toto, na klabu yake ya Yanga lilinifundisha mengi kuhusu hili. Kuanzia Desemba 2022, alipotangaza kuondoka, hadi Juni 2023 alipotua Azam, vijiweni hakuna neno lililotajwa sana kama nidhamu. Fei Toto hana nidhamu, Fei Toto ameharibiwa. Lakini shauri lake pale TFF, shirikisho la soka la Tanzania, lilikwenda kwenye Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji, nayo iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Shirikisho lina Kamati ya Nidhamu. Shauri halikupelekwa huko. Wenye mpira walijua ni suala la mkataba, sisi mashabiki ndio tuliligeuza kuwa suala la tabia. Hata kama uliona Fei amekosea, na wengi waliona hivyo, kosa lenyewe lilikuwa la kimkataba.

TFF hiyohiyo ina Kamati ya Maadili, mbali na ile ya Nidhamu. FIFA nao wana kanuni za nidhamu na kanuni za maadili, vitabu viwili, vyombo viwili. Haya si mapambo. Maadili linatokana na adili, haki na unyoofu, na linahusu mwenendo wa mtu hata pale ambapo hakuna ratiba aliyoivunja. Adabu ni heshima kati ya mtu na mtu, ile uliyofunzwa na bibi yako kabla hujajua kusoma. Mchezaji anaweza kufika mazoezini kabla ya wote, akala alichoambiwa, akalala saa aliyopangiwa, halafu akamjibu mzee wa watu kwa dharau. Huyo ana nidhamu, adabu hana. Na yuko mwingine mpole, mwenye shikamoo kwa kila mkubwa, anayechelewa mazoezi kila Jumatatu.

Yule wa nyumbani aliyeonekana ukumbini usiku wa mapumziko, je? Kama mkataba au kanuni za kambi zinamkataza, ni kosa la nidhamu na klabu itaje kanuni. Kama hazimkatazi, alikuwa akila bata kwa fedha yake siku isiyo ya kazi. Unaweza kumshauri kama mzazi kwamba miguu inataka kulala. Huwezi kumtangazia kosa.

Jinsi magazeti yanavyoweza kuligeuza jambo jema kuwa doa, Raheem Sterling aliionyesha dunia mwezi Desemba 2018. Aliweka Instagram vichwa viwili vya habari kutoka Daily Mail ya Uingereza, kuhusu vijana wawili wa Manchester City walionunua nyumba. Phil Foden, mweupe, alielezwa kuwa kijana aliyemnunulia mama yake nyumba. Tosin Adarabioyo, mweusi, alielezwa kwa mshahara wake wa wiki, bei ya jumba lake, na kwamba alikuwa hajawahi kuanza mechi hata moja ya Ligi Kuu. Sterling akasema wote wawili wamefanya jambo lilelile la heshima, kuwanunulia mama zao nyumba, na kwamba maandishi ya namna ile yanachochea ubaguzi. Mwenyewe alikuwa ameshaandikwa hivyo miaka miwili kabla, baada ya Euro 2016, kwa sababu ya nyumba ya mama yake. Habari kama hizi hutafsiriwa na kufika kwetu, na kwenye tafsiri ndipo maneno kama anasa, kiburi na utovu wa nidhamu huingia. Kumnunulia mama nyumba! Mswahili gani angeliona hilo ni kosa kama angelisikia kwa lugha yake tangu mwanzo?

Upande wa pili ndio unaoniuma zaidi. Neno hili linalomlemea asiye na kosa huwa laini kama sufi linapomwangukia mhalifu. Kuna kitu kinaitwa kosa la jinai. Hakina uhusiano na kambi, kocha wala kitambaa cha unahodha. Aliyekosewa si klabu, ni binadamu mwenye jina na mwili, na anayeamua ni mahakama. Ukiliita jinai utovu wa nidhamu, umemhamisha aliyeumizwa ukamweka kocha mahali pake, kana kwamba aliyedhulumiwa ni timu iliyokosa mshambuliaji.

Kwenye jinai kuna ngazi ambazo mtangazaji hapaswi kuziruka: tuhuma, shtaka, hatia. Benjamin Mendy wa Manchester City alishtakiwa kwa ubakaji Agosti 2021. Januari 2023 mahakama ilimwondolea mashtaka mengi, na mawili yaliyobaki akayashinda Julai mwaka huohuo. Klabu ilikuwa imeacha kumlipa, na Novemba 2024 baraza la usuluhishi wa kazi likaamua kwamba sehemu kubwa ya mishahara ile ilikuwa haki yake. Kwa hiyo yeye si mfano wa utovu wa nidhamu, na si mfano wa uhalifu pia. Alishtakiwa, akaonekana hana hatia. Sentensi hiyo fupi inatosha na ni ya kweli.

Robinho ni habari nyingine kabisa, na ndiyo maana nilishtuka kumsikia kwenye orodha ile. Mwaka 2017 mahakama ya Milan ilimhukumu miaka tisa jela kwa kushiriki ubakaji wa kundi uliofanyika mjini humo mwaka 2013. Januari 2022 mahakama ya juu ya Italia ikaithibitisha hukumu. Brazil haiwatoi raia wake kwenda kufungwa nchi nyingine, kwa hiyo alibaki kwao, mpaka Machi 2024 mahakama ya huko ilipoamua atumikie kifungo hicho nyumbani, akakamatwa Santos.

Ndugu mchambuzi, najua ulikuwa na nia njema, na vijana wanakusikiliza. Ukikaa tena kwenye kipaza sauti, Rashford msemee kosa la nidhamu, alichelewa kikao. Yule wa nyumbani mwache alale, isipokuwa uwe na kanuni mkononi. Na Robinho usimweke nao: yeye alitiwa hatiani kwa ubakaji, na aliyekosewa ni mwanamke aliyekuwa ukumbini Milan usiku ule.