Yadi kabla ya kuguswa: nani kafanya kazi, mkimbiaji au safu yake?

Agosti 2025, Ashton Jeanty, mkimbiaji wa futiboli ya Kimarekani, yaani mchezaji anayekabidhiwa mpira akimbie nao, alicheza mechi yake ya kwanza na jezi ya Las Vegas Raiders, mechi ya kujipima nguvu dhidi ya Seattle Seahawks. Alikuwa amechaguliwa namba 6 kwenye drafti ya mwaka huo, ambapo timu za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, huchagua wachezaji wapya kwa zamu, akitoka chuo kikuu cha Boise State ambako msimu wake wa mwisho alikimbia yadi 2,601. Usiku huo alibeba mpira mara 3 na jumla yake ikawa hasara ya yadi 1. Mechi iliyofuata, dhidi ya San Francisco 49ers, alibeba mara 7, akapata yadi 33 na kufunga. Ukisoma jedwali la takwimu peke yake utasema kijana alilala wiki ya kwanza akaamka ya pili. Jedwali linakuonyesha mpira ulisogea hatua ngapi. Nani aliusogeza, hilo inabidi ulitafute kwenye picha.

Kipimo cha kulitafutia kinaitwa yadi kabla ya kuguswa, na pacha wake ni yadi baada ya kuguswa. Namna yake ni rahisi. Chukua mbio moja, uikate vipande viwili pale mlinzi wa kwanza anapomgusa mwenye mpira. Kipande cha kwanza kinapimwa kutoka mstari wa kuanzia, yaani pale mpira ulipowekwa chini, hadi mahali pa mguso. Cha pili kinapimwa kutoka hapo hadi anapoangushwa. Yadi moja ni karibu sentimita 91, na timu ina nafasi 4, zinazoitwa dauni, kupata yadi 10. Kwa hiyo hata yadi 2 si kitu kidogo.

Tuseme mkimbiaji wa kwanza anapokea mpira, anapita kwenye upenyo mpana kama mlango wa gereji, anaguswa yadi ya 8, anaanguka yadi ya 9. Wa pili anapokea mpira na papo hapo anakutana na jitu yadi 2 nyuma ya mstari. Analiponyoka, anamburuza mwingine aliyemng'ang'ania kiunoni, anaangushwa yadi 2 mbele. Jedwali litaandika 9 na 2. Ukikata, wa kwanza ana 8 kabla na 1 baada, wa pili ana hasara ya 2 kabla na 4 baada. Yule wa yadi 9 alibebwa na wenzake. Yule wa yadi 2 aliwabeba wenzake. Kocha anayepanga kikosi lazima ajue tofauti hiyo, na mtazamaji makini naye anaweza kuijua akiwa sebuleni kwake.

Yadi za kabla ni za nani hasa? Kwa sehemu kubwa ni za safu ya mbele, wale watu 5 wanene wanaopanga mstari: senta katikati, ambaye ndiye anayeuanzisha mpira, magadi wawili waliompakana, na wawili wa pembeni. Mara nyingi wanaongezewa wa sita, anayeitwa taitendi. Kwa mtu aliyezoea raga kazi yao inashangaza, kwa sababu kumsukuma mtu asiye na mpira ili mwenzako apite ni kosa kwenye raga, na hapa ndiyo ajira yenyewe. Jordan Mailata alitoka Australia akiwa mchezaji wa raga, hajawahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Kimarekani, Philadelphia Eagles wakamchukua raundi ya 7 mwaka 2018 na kumfundisha kazi hiyo mpaka akawa nguzo ya upande wa kushoto.

Eagles hao hao ndio mfano mzuri wa uzito wa safu. Mwaka 2023, Saquon Barkley akiwa New York Giants alibeba mpira mara 247 kwa yadi 962, wastani wa 3.9. Mwaka 2024 alihamia Eagles, akabeba mara 345 kwa yadi 2,005, wastani wa 5.8. Miguu ni ile ile. Denver Broncos walionyesha jambo hilo kutoka upande wa pili: safu iliyofundishwa na Alex Gibbs ilimpa Terrell Davis yadi 2,008 mwaka 1998, Davis alipoumia mwaka 1999, chipukizi Olandis Gary akapata 1,159, mwaka 2000 chipukizi mwingine, Mike Anderson, akapata 1,487. Hii haina maana kwamba Davis alikuwa wa kawaida, la hasha. Ina maana kwamba ukimwona mgeni anang'aa nyuma ya safu ya namna hiyo, kwanza ipigie makofi safu, halafu ndiyo uanze kumchunguza yeye.

Kabla ya kuigawa lawama au sifa yoyote, hesabu watu. Eneo la mbele ya safu, kutoka upande mmoja hadi mwingine na kina cha hatua chache, linaitwa boksi. Kabla mpira haujaanzishwa, simamisha video uhesabu walinzi waliomo. Washambuliaji wakiwa na watu 6 wa kusukuma na boksi lina walinzi 6, kila mtu ana wake. Mkimbiaji akiguswa nyuma ya mstari, kuna mtu wa safu aliyeshindwa na unaweza kumtafuta. Walinzi wakiwa 7, mmoja anabaki huru, na huyo kwa kawaida ni wa mkimbiaji mwenyewe kumkwepa au kumgonga. Wakiwa 8, wawili wako huru, na hapo kuilaumu safu ni kuionea. Chipukizi wengi wametukanwa kwa mbio za yadi 0 zilizopigwa kwenye boksi la watu 8, na hesabu hii inachukua sekunde 3 tu.

Ukishahesabu, usiangalie mpira. Angalia watu 5. Picha bora ni ile ya kamera iliyo juu nyuma ya nguzo za goli, kwa sababu inaonyesha mianya ikifunguka na kufungwa. Picha ya pembeni inaonyesha umbali lakini inaficha sababu. Simamisha pale mkimbiaji anapokabidhiwa mpira, kisha uulize: watu wa safu wamevuka mstari wa kuanzia au wamerudishwa nyuma? Nani mabega yake yako chini zaidi? Katika mapambano haya mwenye mabega ya chini humwinua mwenzake, na aliyeinuliwa hana tena nguvu ya miguu. Mikono iko wapi? Ikiwa ndani, kifuani kwa mpinzani, safi. Ikiteleza nje ya mabega, mwamuzi ataona kushikilia, adhabu ya yadi 10.

Sehemu inayovunjika mara nyingi kwenye mechi za kujipima nguvu ni kazi ya wawili kwa mmoja. Gadi na senta wanamsukuma kwa pamoja mlinzi mnene aliye mbele yao, kisha mmoja wao anamwacha na kwenda kumziba lainibeki, mlinzi wa mstari wa pili, aliye nyuma ya huyo mnene. Akiondoka mapema, yule mnene anaponyoka na kumkuta mkimbiaji anapokea mpira. Akichelewa, lainibeki anakuja bila kuguswa na mtu. Muda wa kuondoka haufundishiki ubaoni; unatokana na watu wawili kucheza bega kwa bega wiki nyingi. Na mwezi Agosti watu hao wamefahamiana juzi. Ndiyo maana safu ya akiba inaweza kuwa na watu 4 wanaoshinda na bado mbio ikafa, kwani mmoja akishindwa upenyo hamna. Mpe kila mmoja alama yake kwa kila mbio, ameshinda au ameshindwa. Usiipe safu nzima alama moja.

Sasa mazingira ya mechi zenyewe. Tangu 2021 timu nyingi hucheza mechi 3 za kujipima nguvu. Kambini kila timu inaanza na wachezaji 90, na mwisho wa Agosti lazima wabaki 53. Nyota hucheza dakika chache au wanakaa benchi kabisa, na makocha wanaficha mbinu zao. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu mbio ya yadi 30 ni: ilikuwa robo ya ngapi, na dhidi ya nani? Robo ya nne mara nyingi uwanjani wako watu watakaokatwa wiki mbili baadaye. Chukua namba za jezi za walinzi, linganisha na orodha ya vikosi. Yadi 4 dhidi ya kikosi cha kwanza zina uzito kuliko 30 dhidi ya cha tatu. Angalia pia chipukizi anakimbia nyuma ya nani: kocha akimpanga na safu ya kwanza tangu mwanzo wa mechi, ameshasema anachofikiria.

Halafu wastani hudanganya. Mbio 10 kwa yadi 74 ni wastani wa 7.4, namba ya kifalme. Lakini ikiwa moja ilikuwa ya yadi 51, tisa zilizobaki zimegawana 23, wastani wa 2.6. Kipimo cha kutuliza akili ni kuuliza kama kila mbio ilifanikiwa: dauni ya kwanza ipate angalau asilimia 40 ya yadi zinazohitajika, ya pili asilimia 60, ya tatu na ya nne zote. Kwa kipimo hicho yadi 4 kwenye dauni ya kwanza zikihitajika 10 ni mafanikio, na yadi 4 kwenye dauni ya tatu zikihitajika 5 ni kushindwa.

Kuna sehemu ya yadi za kabla ambayo ni ya mkimbiaji, na hapa chipukizi wengi hupotea. Katika mtindo wa kanda, ambao safu nzima inasogea upande mmoja kwa pamoja, upenyo haujulikani mapema. Mkimbiaji anaenda kwa hatua za kupima, anamvuta lainibeki upande mmoja, kisha anakata mara moja na kuchanja mbuga. Akiwa na pupa anamgonga gadi wake mgongoni kabla ile kazi ya wawili haijaisha. Kosa la pili ni kukimbilia nje. Chuoni alikuwa na mbio kuliko wote, akizunguka pembeni anapata uwanja. Lakini kwenye uwanja wa chuo, mistari miwili ya katikati ambako mpira huwekwa imeachana futi 40, kama mita 12, hivyo mpira ukiwa kwenye mstari mmoja, upande wa pili unabaki na nafasi kubwa. Kwenye NFL mistari hiyo imeachana futi 18 na inchi 6, chini ya mita 6. Mpira daima uko karibu na katikati, ile nafasi pana haipo, na walinzi wa pembeni wana kasi kama yake. Mbio zinazoishia kwenye mstari wa pembeni kwa yadi 1, ilhali upenyo wa yadi 4 ulikuwa ndani, ziandike kwenye daftari lake, si la safu.

Yadi za baada nazo zina mtego. Kiganja kinachoteleza kwenye bega na bega linalotua kifuani vyote ni mguso, kwa hiyo anayehesabu lazima aamue mguso ni nini na asibadilike katikati ya mechi. Tazama miguu baada ya mguso: inaendelea kupiga hatua fupi fupi, au inasimama? Anaanguka kuelekea mbele au anarudishwa? Kuangukia mbele tu huongeza karibu yadi 1 kila mara.

Na kuna kazi isiyo na yadi kabisa, ambayo humweka chipukizi benchi hata akiwa na miguu ya dhahabu: kumlinda kwotabeki, yule anayerusha mpira. Dauni ya tatu, mpira utarushwa, mkimbiaji anasimama kando ya kwotabeki na lazima ajue nani anakuja. Macho yanaanzia ndani kwenda nje, kwa sababu anayepitia katikati ndiye mwenye njia fupi. Wakija wawili, anamchukua wa ndani. Anapiga hatua kumfuata, mikono kifuani, kichwa juu. Anayeinamisha kichwa na kujirusha miguuni hurukwa mara nyingi. Kosa moja hapa linaweza kumgharimu kwotabeki bega lake, na ndiyo sababu kocha anamsamehe mkimbiaji yadi 0 lakini hili hamsamehi. Mpira nao aubane: vidole kwenye ncha, kigasha juu yake, msuli wa mkono na mbavu vikiufunga, na mkono ulio mbali na mkabaji.

Terrell Davis mwenyewe, yule wa yadi 2,008, alichaguliwa wa 196, raundi ya 6, mwaka 1995, akiwa mbali chini kwenye orodha ya wakimbiaji wa Denver. Katika mechi ya kujipima nguvu mjini Tokyo dhidi ya 49ers, kilichowafanya makocha wageuke ni pale alipokimbia kwenye mpira wa kuanzisha, ule unaopigwa teke kwenda kwa wapinzani, na kumwangusha vibaya mpokeaji. Hakuwa na mpira mkononi. Kwa hiyo daftari lako liwe na safu mlalo moja kwa kila tukio, hata lile ambalo chipukizi hakubeba kitu: robo na vikosi, idadi ya boksi, mahali pa mguso, mahali pa kuanguka, nani wa safu alishindwa, na kama ni mpira wa kurushwa, alimziba nani.