Kuchanganya RAM inawezekana, ila soma stika kabla hujatoa hela

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Kariakoo ni hili: "Fundi, laptopu yangu ina RAM ya GB 4, nimepata nyingine ya GB 8 ila spidi hazifanani, nikizichomeka zote si zitaungua?" Haziungui wadau. (RAM ni ile kumbukumbu ya muda ambamo mashine inaweka kazi ulizofungua.) Nalisema mapema kwa sababu kuna watu wanateseka na mashine nzito mwaka mzima, ukifungua Chrome na Excel kwa pamoja inaganda, na sloti ya pili ipo wazi kabisa, kisa waliambiwa lazima RAM ziwe pacha, kampuni moja, spidi moja, la sivyo mazabodi (ubao mkuu wa mashine) inakufa. Watu wanahifadhi hela ya pacha ambayo hawaihitaji, au wanakata tamaa wanauza mashine nzima kwa hasara.

Kuchanganya kunakubalika, ila kuna masharti, na karibu yote yameandikwa kwenye stika ya RAM yenyewe. Shida watu wanasoma namba moja tu, ile ya spidi, na hiyo ndo namba yenye umuhimu mdogo kuliko zote kwa mtu wa kawaida.

Tuanze nayo hiyohiyo. 2133, 2400, 2666, 3200. Dukani sote tunaita megahezi lakini kiukweli sio megahezi. RAM za DDR (ndo aina ya RAM za mashine zetu hizi, DDR3, DDR4 na DDR5 ni vizazi vyake) zinapeleka data mara mbili katika kila pigo la saa yake, pigo linapopanda na linaposhuka, kwa hiyo RAM ya 3200 saa yake inapiga mara milioni 1,600 kwa sekunde, afu kila pigo data inapita mara mbili, jumla milioni 3,200. Ndo maana mtu akifungua CPU-Z, programu ya kuonyesha vifaa vya ndani ya mashine, anakuta 1600 au 1597 wakati kalipia 3200, anarudi dukani anafoka kwamba kauziwa feki. Sio feki, zidisha mara mbili. Task Manager ya Windows yenyewe inakuonyesha namba ambayo imeshazidishwa.

Stika nyingine haziandiki 3200 kabisa, zinaandika PC4-25600, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Ni kitu kilekile. Kila safari moja ya data inabeba baiti 8, sasa 3,200 mara 8 unapata 25,600, yaani megabaiti 25,600 kwa sekunde. Ukikutana na namba kubwa namna hiyo igawe kwa 8 tu: PC3-12800 ni DDR3 ya 1600, PC4-19200 ni DDR4 ya 2400, PC4-21300 ni 2666, hiyo ya mwisho wameikata kidogo haigawanyiki vizuri ila ndo yenyewe.

Sasa chukua stika ambayo utaiona sana kwenye laptopu za used: 8GB 1Rx8 PC4-2400T-SA1-11. GB 8 unaijua. 1Rx8 inakwambia chipu zimepangwaje, ukiona 2Rx8 maana yake zipo za kutosha safu mbili, na kuchanganya hizo mbili kwa mashine nyingi hakuna neno. PC4 ni DDR4. 2400 ni spidi. S kwenye SA ni RAM ya laptopu, ukiona UA ni ya desktopu, na ukiona RA kaa mbali, hiyo ni ya seva. Hizi za seva zinazunguka sana mjini kwa bei ya kuvutia, GB 16 kwa hela ambayo hupati hata GB 8 ya kawaida, na kwa macho zinafanana na za desktopu, ila ukiichomeka kwenye desktopu ya kawaida haiwaki. Nimeona vijana wengi wa gemu wamenunua wakaja nazo wanadhani desktopu ndo mbovu.

Bado herufi T. Hii wengi hata mafundi wanaipita, na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu ndo inayoeleza kwa nini mashine haikimbii mara mbili ukibadili spidi. Inataja CL, yaani RAM ikiombwa data inasubiri mapigo mangapi ya saa ndo ianze kutoa. P ya 2133P ni mapigo 15, T ya 2400T ni 17, V ya 2666V ni 19, na AA ya 3200AA ni 22. Umeona? Spidi inapanda na mapigo ya kusubiri yanapanda nayo. Ukitaka kujua muda wenyewe chukua CL, zidisha kwa 2,000, gawa kwa spidi, jibu linakuja kwa nanosekunde. 2133P inatoka kama 14.1, 2400T kama 14.2, 2666V kama 14.3, 3200AA inatoka 13.75. Afu rudi nyuma kwenye DDR3 ya zamani, 1600 yenye CL 11, piga hesabu: 13.75. Ileile!

Fikiria pantoni ya Kigamboni. Wakileta kubwa zaidi inavusha magari mengi kwa mkupuo mmoja, hiyo ndo spidi ya kwenye stika, lakini muda unaokaa pale Magogoni unasubiri kupanda unaweza kubaki vilevile. Kazi zinazobeba data nyingi kwa mfululizo, kama kuedit video au gemu kwenye mashine isiyo na kadi ya grafiksi, zinafaidi pantoni kubwa. Kuandika ripoti, kufungua barua pepe na kuingia kwenye mifumo ya ofisi, tofauti ya 2400 na 2666 hutaiona.

Sasa kuchanganya kwenyewe. Kila RAM ina kachipu kadogo kanaitwa SPD, humo kiwandani wameandika RAM hii inaweza spidi zipi kwa taimingi zipi, yaani mapigo ya kusubiri kama ile CL. Ukiwasha mashine, biosi, ile programu ya kuwashia mashine, inasoma SPD ya kila RAM iliyopo, inaangalia na prosesa inaruhusu mpaka wapi, afu inachagua kiwango ambacho wote wanakiweza. Kwa hiyo 2400 na 3200 zikikaa pamoja zote zitaenda 2400. Na kama prosesa mwisho wake ni 2133 basi zote 2133, hata ungeweka mbili za 3200. Mfano mzuri ni HP EliteBook 840 G3 zenye prosesa za Intel kizazi cha sita, ambazo mji huu zimejaa, mwisho wa RAM yake ni 2133. Mtu akikwambia "weka 3200 ndo itapaa", mjibu kwa adabu kwamba kwenye mashine hiyo haitapaa. Kama bei ni moja chukua tu 3200, kwa kawaida itashuka yenyewe ifanye kazi, ila usiongeze hata shilingi kwa ajili ya namba hiyo.

Kwa wenye desktopu za gemu kuna la ziada. RAM imeandikwa 3600 kwenye boksi, ukiichomeka inasoma 2133 au 2400. Hiyo 3600 ni profaili ya XMP, yaani mpangilio wa spidi ya juu uliohifadhiwa ndani ya RAM, au EXPO kwa DDR5 za mashine za AMD, lazima uingie kwenye biosi uiwashe, na mara nyingi inapandisha umeme wa RAM juu ya kawaida. Ukichanganya RAM za namna hii na nyingine usiwashe profaili kwa pupa, kila moja ina taimingi zake na mashine inaweza kuanza kuzima au kugoma kuwaka. Acha spidi ya kawaida kwanza, ikitulia ndo upandishe kidogokidogo.

Kisichochanganyika kabisa ni kizazi. DDR3, DDR4 na DDR5 kila moja ina mkato wake sehemu tofauti kwenye meno yanayoingia kwenye sloti, na umeme tofauti: volti 1.5, 1.2 na 1.1. Ukiona inakataa kuingia usiilazimishe. Mtego upo kwenye DDR3 na DDR3L, kwa sababu hizi mbili zinaingia sloti moja bila shida. L ni ya volti 1.35. Laptopu za Intel kizazi cha nne kama EliteBook 840 G1 zinataka hiyo L, ukiweka ya volti 1.5 tupu unapata skrini nyeusi, na hapo wengi wanaambiwa mazabodi imekufa, wanatozwa hela ya kutengeneza kitu kizima. Tafadhali angalia stika: PC3L ndo salama, na hiyo hata kwenye mashine ya volti 1.5 inafanya kazi, PC3 bila L haina uhakika huo.

Ukinilazimisha nipange vipaumbele, kwangu ukubwa ni wa kwanza, chaneli ni za pili, spidi ni ya mwisho. Prosesa nyingi zina njia mbili za kuzungumza na RAM, ndo chaneli zenyewe, ukiweka RAM moja tu unatumia njia moja. Ndo maana GB 8 mbili ni nzuri kuliko GB 16 moja, hasa kama grafiksi yako ni ile ya ndani ya prosesa maana inakula RAM hiyohiyo. Lakini hata ukichanganya GB 4 na GB 8 hujapoteza, mashine nyingi za Intel zinachukua GB 4 kutoka kila upande zinaziendesha kwa chaneli mbili, GB 4 zinazobaki zinaenda kwa moja. Una GB 12 badala ya 4. Kwa mwanafunzi wa Mlimani anayeandika tasnifu huku kafungua tabu 30 hiyo ni ahueni ya kweli, na mimi nitamshauri achukue leo kuliko kusubiri pacha.

Kabla hujatoka nyumbani fungua Task Manager, sehemu ya Memory, itakuonyesha spidi na sloti ngapi zimetumika. Ukikuta imeandika Row of chips maana yake kuna RAM iliyochomelewa kwenye mazabodi, hiyo haitoki, na laptopu nyembamba nyingi ndo zilivyo. Angalia pia Windows yako ni biti ngapi, ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya GB 4 hata ujaze vipi.

Dukani omba ijaribiwe mbele yako kwenye mashine yako. Chomoa chaja, chomoa betri kama inatoka, ingiza RAM kwa kuilaza kidogo mpaka vishikio vya pembeni vilie. Mara ya kwanza mashine inaweza kukaa na skrini nyeusi muda, hasa za DDR5, inajipima na RAM mpya, ipe dakika kadhaa usiizime. Ikigoma kabisa toa zote, jaribu moja moja, safisha meno kwa ufutio laini, jaribu na sloti nyingine. Na muuzaji akupe muda wa kurudisha kwa maandishi, maana usiku huo ukifika nyumbani unatakiwa uweke MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi uiache ikimbie mpaka asubuhi. Ikionyesha kosa hata moja irudishe siku hiyohiyo, hata kama Windows inafunguka vizuri, kwa sababu RAM yenye kosa inaharibu mafaili yako taratibu na hutajua mpaka siku unayoyahitaji.