LL-37 na kidonda ndugu: kwa nini kuua bakteria hakutoshi

Kila ninapowaeleza watu wa nje ya fani kazi yangu ya maabara, huulizwa swali lilelile: ikiwa ngozi ya binadamu hujitengenezea dawa ya kuua bakteria, kidonda ndugu, yaani kidonda sugu kisichotaka kupona, hutoka wapi? Ni swali zuri, na nitalijibu kwa kutumia peptidi (kipande kifupi cha protini) moja tu, LL-37, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1995.

Jina lake linajieleza. Ina asidi amino 37, yaani vijenzi vya protini, na mbili za mwanzo ni lusini, ambayo wanakemia huiandika kwa herufi L. Mwili huiunda ikiwa imefichwa ndani ya protini kubwa zaidi, ambayo seli nyeupe za damu ziitwazo neutrofili huiweka akiba, na ni kimeng'enya kinachoikata na kuiachilia pale inapohitajika. Ikishakuwa huru, hubeba kwa jumla chaji chanya sita za umeme, ilhali uso wa bakteria umejaa chaji hasi. Hivyo huvutwa huko, hujisokota mfano wa springi yenye ubavu mmoja unaopenda maji na mwingine unaopenda mafuta, kisha huzama ndani ya utando unaoizunguka bakteria hadi utando huo uvuje. Seli zetu husalimika kwa kiasi, kwa kuwa uso wao wa nje una chaji hasi chache na utando wao umeimarishwa na kolesteroli. Nasema kwa kiasi, na nitalirudia hilo.

Nilipoanza kazi hii niliamini kuwa mambo ni mepesi. Unadondosha peptidi kwenye sahani ya agari (jeli ya maabara) iliyooteshwa bakteria, unaiacha usiku kucha, na asubuhi unakuta duara safi pasipoota kitu. Siku nilipoichanganya kwanza na seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), duara halikuonekana kabisa. Chumvi na protini zilizomo mwilini huipunguzia makali, na kidonda sugu kimejaa vimeng'enya vinavyoikatakata. Tangu hapo matokeo ya sahani peke yake hayanishawishi.

Kinachonivutia zaidi ni kazi yake ya pili. LL-37 huziita seli za kinga, huchochea mishipa midogo ya damu kuchipua, na huzisukuma seli za ngozi zisogee kuziba pengo. Mwaka 2003 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa katika jeraha la kawaida kiwango chake hupanda mapema na kushuka ngozi inapofunga, lakini kwenye kingo za vidonda sugu, mahali ambapo ngozi mpya ingepaswa kuanzia, haikuonekana.

Mtu angedhani basi dawa ni kuipaka kwa wingi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 34 wenye vidonda vya mguu vitokanavyo na udhaifu wa vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) walipewa dawa bandia, yaani isiyo na kiambato cha tiba, kwa ajili ya kulinganisha, au LL-37 ya miligramu 0.5, 1.6 au 3.2 kwa kila mililita. Vidonda vilipungua haraka kwa dozi mbili za chini, ila dozi ya juu haikuipita dawa bandia. Kwangu hili halishangazi: peptidi ikizidi huanza kutoboa hata seli za mwenyewe na kuchochea uvimbe, na katika ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi imeonekana ikijifunga kwenye DNA ya mgonjwa na kuiamsha kinga dhidi ya mwili wake.

Jaribio kubwa zaidi, lililochapishwa mwaka 2021 likiwa na wagonjwa 148, halikuonyesha nafuu kwa kundi zima. Uchambuzi wa baadaye ulidokeza kuwa waliokuwa na vidonda vya sentimita za mraba 10 na zaidi walinufaika na dozi ya miligramu 0.5 kwa mililita. Naona kidokezo hicho kina mantiki, lakini kundi lililochaguliwa baada ya matokeo kujulikana haliwezi kuwa ushahidi. Linahitaji jaribio lake lenyewe, lililopangwa hivyo tangu mwanzo.