Je, utumishi jeshini ni kinga ya maradhi?

Upo ujumbe unaozunguka katika makundi ya mtandaoni kwa muda mrefu, ukidai kuwa utafiti umethibitisha kwamba maisha ya jeshini hukinga maradhi, kwa kuwa wanajeshi wastaafu huugua na kufariki kwa kiwango kidogo kuliko raia wa rika lao. Takwimu za namna hiyo zipo kweli. Kinachopotosha ni tafsiri yake.

Kabla ya kuandikishwa, kijana hupimwa macho, masikio, moyo na mapafu, na anayeonekana na kasoro hurudishwa nyumbani. Kwa hiyo kundi la wanajeshi huanza likiwa limekwisha kuchujwa, ilhali kundi la raia linawajumuisha hata hao waliokataliwa, na si ajabu msomaji wa haraka akadhani kwamba jeshi ndilo lililoleta afya. Ndiyo maana watafiti makini hulinganisha askari na askari: waliopelekwa kwenye Vita vya Ghuba vya 1991, kwa mfano, waliripoti uchovu, maumivu ya viungo na usahaulifu zaidi kuliko askari wenzao wa kipindi hicho hicho ambao hawakupelekwa.

Ukiupokea ujumbe huo, tazama kwanza nani amelinganishwa na nani, na kwa miaka mingapi. Usipopata jibu, tafadhali usiusambaze.