"Wenzangu watapewa dawa, mimi plasebo": dhana potofu kuhusu majaribio ya tiba

Kazi yangu ni kukaa na wagonjwa na kuwaeleza fomu ya ridhaa kabla hawajaamua kujiunga na utafiti. Kauli ninayoisikia kuliko zote, hata kwa watu waliosoma vizuri, ni kwamba wengine watapewa dawa, yeye ataangukia plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, aachwe afe. Nimechoka kuijibu mmoja mmoja.

Dhana: Walio kundi la plasebo hunyimwa matibabu

Ugonjwa ukiwa na tiba inayojulikana, kwa kawaida kundi la ulinganisho hupewa tiba hiyo hiyo. Plasebo mara nyingi huongezwa juu yake: wote mnaendelea na dawa zenu za kila siku, kisha mmoja anaongezewa kidonge kipya na mwingine kidonge kinachofanana nacho kwa rangi na umbo. Plasebo peke yake hutumika pale pasipo na tiba iliyothibitika, au pale ambapo kusubiri hakumletei mgonjwa madhara makubwa, na kamati ya maadili lazima iridhike kwanza.

Halafu, nani kasema dawa mpya ndiyo zawadi? Tungekuwa na hakika nayo tusingeijaribu, tungewaandikia wagonjwa. Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulipima dawa kadhaa kwa wagonjwa wa Uviko-19 waliolazwa. Haidroksiklorokwini, iliyokuwa ikigombaniwa dunia nzima, haikupunguza vifo. Deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, lakini wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Kwa hiyo aliyekosa haidroksiklorokwini hakukosa kitu. Kabla ya hesabu kukamilika, hata bingwa hakujua nani kabahatika. Ndiyo maana makundi hupangwa kwa bahati nasibu, tena na kompyuta. Hata uje na barua ya mkubwa, siwezi kukuhamisha.

Katika majaribio makubwa huwapo pia jopo huru linalopitia takwimu utafiti ukiendelea. Mwaka 2011, katika utafiti wa HPTN 052, ilionekana kwamba kuanza ARV mapema kulipunguza kwa 96% maambukizi ya VVU kwenda kwa mwenza. Matokeo yalitangazwa kabla ya muda uliopangwa, na kundi lililopangiwa kuanza dawa baadaye likapewa nafasi ya kuanza mara moja.

Anayenitajia Tuskegee simbishii. Kule Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila penisilini hata ilipokwisha kuwa tiba ya kawaida, na walidanganywa kuhusu walichofanyiwa. Kanuni za ridhaa zilikazwa kwa sababu ya uovu kama huo. Woga huo una mizizi, nami napenda mgonjwa anayekuja nao mezani tuuzungumze.

Dhana: Ukisaini umejifunga

Hapana. Unatoka siku yoyote, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Ila kama dawa haifai kuachwa ghafla, tuambie kwanza. Ushauri wangu, ambao narudia kama kasuku: usisaini siku hiyo hiyo kama ugonjwa unaruhusu kusubiri. Nenda na fomu nyumbani, anza na sehemu ya madhara, na uulize nani atapokea simu yako saa nane usiku.

Dhana: Damu yetu inauzwa

Kiasi kitakachotolewa kimeandikwa kwenye fomu. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Uliza pia sampuli zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Hilo ndilo swali la maana, na ni wachache wanaoliuliza.

Dhana: Utafiti ni wa walioshindikana

Tafiti nyingi huhitaji wagonjwa wapya, na za chanjo huhitaji watu wenye afya njema.

Dhana: Wanaokataa hawajaelimika

Hii ni ya wenzangu wa kazini, nayo inaniudhi karibu kama ile ya kwanza. Mgonjwa akisoma ratiba yenye mahudhurio kila wiki mbili, nauli yake mwenyewe na mwajiri asiyetoa ruhusa, akasema hapana, ameielewa fomu barabara. Na yule aliyeshiriki utafiti uliopita mpaka mwisho, kisha asipigiwe hata simu ya kuelezwa dawa ilifaa au la, sioni kwa nini ajiunge tena.