Canon, Nikon au Sony? Anza na lenzi

Ukitaka kuwagombanisha wapiga picha za wanyamapori, waulize kamera ya kampuni gani ni bora. Watabishana mpaka chai ipoe, na karibu wote watakuwa wanazungumzia bodi, yaani kamera bila lenzi.

"Chagua kampuni kwanza, lenzi utatafuta baadaye."

Hii ndiyo dhana inayotia watu hasara. Bodi nyingi za miaka hii za Canon, Nikon na Sony zinalitambua jicho la mnyama na kulifuata zenyewe. Zinapoachana ni kwenye lenzi ndefu: zipi zipo, uzito gani, bei gani.

Chukua zumu (lenzi inayovuta mbali na karibu) ya kufika milimita 600, ile ambayo mtu anaweza kuinunua bila kuuza kiwanja. Sony walitoa 200-600mm f/5.6-6.3 mwaka 2019 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi). Wenye kamera za Nikon Z walisubiri hadi 2023 kupata 180-600mm. Canon wakapita njia yao: RF 100-500mm (RF ni lenzi za bodi zao mpya za R) ya mwaka 2020, nyepesi lakini ghali, kisha 200-800mm f/6.3-9 mwaka 2023. Aliyenunua bodi ya Nikon Z mwaka 2020 kwa kusifiwa rangi zake, bila adapta ya lenzi za zamani, alibaki na kamera nzuri na simba wadogo kwenye picha.

Kuna jambo lingine ambalo duka halikwambii. Zumu ya Sony na hiyo ya Nikon hazirefuki unapozungusha. Mwendo wote uko ndani. Ya Canon 200-800 inachomoza mbele. Kwenye vumbi la Amboseli, mimi naona hilo lina uzito kuliko megapikseli kumi za ziada.

"Milimita nyingi zaidi, picha nzuri zaidi."

Nilishawahi kushuka kreta ya Ngorongoro na lenzi ya 300. Kule gari haliruhusiwi kuacha barabara, na kifaru hakukusogelea kwa sababu umetoka mbali. Picha niliyorudi nayo ni ya jiwe jeusi lenye masikio. Kwa hiyo urefu naujua thamani yake.

Ila urefu una gharama. Kutoka f/6.3 hadi f/9 unapoteza nusu ya mwanga. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simba wakiwa bado wanacheza, aliye na f/6.3 anapiga kwa ISO 3200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga; ikipanda, picha huingia chenga). Wa f/9 anahitaji 6400 kwa spidi ileile. Na ikifika saa tano, ardhi imepata moto, hewa inacheza, hata 800mm ya bei ya gari itakupa pundamilia anayeyeyuka. Hapo dawa ni kusogea karibu, au kurudi kambini ukale.

"Sensa ndogo (kile kibamba cha kunasa picha ndani ya kamera) inarefusha lenzi."

Hairefushi. Lenzi ya 400 inabaki 400. Sensa ndogo inakata kingo tu, ndiyo maana picha inafanana na ya 600. Unafaidika pale pikseli zake zinapokuwa zimesongamana zaidi.

"Nitanunua Sigma au Tamron, zinaingia popote."

Hizi ni kampuni za lenzi tu, na kila lenzi yao hutengenezwa kwa kamera za kampuni moja. Canon walianza kuwafungulia mlango wa RF mwaka 2024, tena kwa lenzi za sensa ndogo. Sony wako wazi zaidi, lakini bodi zao za kasi hushushwa hadi picha 15 kwa sekunde ukifunga lenzi ya kampuni nyingine. Mwenye mfuko mwembamba atafute Sigma 150-600 ya mtumba ya Canon EF (mfumo wa zamani kabla ya RF), aifunge kwa adapta kwenye bodi ya R.

"Lenzi ndefu lazima tripodi."

Ndani ya Land Cruiser tripodi utaisimamisha wapi? Chukua mfuko wa kitambaa, usafiri nao mtupu, uujaze ukifika, kisha uulaze kwenye ukingo wa paa. Wangu niliujaza maharage ya sokoni Karatu. Siku ya mwisho dereva aliondoka nayo nyumbani.